Upinde Hauhemi

Muziki wa kwanza wa Baroki, yaani wa Ulaya wa takriban miaka 1600 hadi 1750, niliowapangia wanafunzi wa bendi yangu ya ala za kupuliza ulikuwa wa mtunzi Handel, na sikumchagua kwa kubahatisha. Mwaka 1749 Mfalme George II wa Uingereza alitaka muziki wa kwenda na fataki za kusherehekea amani ya Aix-la-Chapelle, na akasisitiza uwe wa ala za kijeshi, fidla zikae kando. Handel alivutana na jambo hilo, lakini hati aliyoiandika kwa mkono wake inaonyesha tarumbeta 9, horni 9, obo 24, basuni 12 na jozi 3 za ngoma kubwa za timpani. Ukapigwa Green Park, London, tarehe 27 Aprili. Niliposoma orodha ile nilishusha pumzi. Ukiwatoa wapiga timpani, wote hao ni watu wa kupuliza. Nikaona Handel ameshanifanyia nusu ya kazi, na kilichobaki ni kuuteremsha muziki hadi pale mkono wa mtoto aliyeshika ala kwa miezi 8 unapofika.

Nafundisha bendi za wanaoanza kwa mwaka wa 14 sasa. Kazi ile ya kwanza ilianguka, na namna ilivyoanguka ndiyo iliyonifundisha karibu kila kitu ninachokifanya leo nikikaa na penseli.

Ugumu wa kwanza ni kii, yaani noti ambayo muziki wote unaifanya nyumbani. Muziki wa fataki uko katika D, kii iliyopendwa na tarumbeta za enzi zile. Kwa mpiga fidla D ni nyumbani, nyuzi zake mbili za katikati ni D na A. Kwa bendi ya wanaoanza ni mlima. Ala nyingi za bendi huandikiwa noti tofauti na ile inayosikika. Bendi ikisikika katika D, mtoto wa klarineti ya B flati anasoma E yenye shapu 4, alama za kupandisha noti nusu hatua, wa saksafoni alto anasoma B yenye shapu 5, na wa horni anasoma A yenye shapu 3. Hapo hujampa muziki, umempa mtihani. Ukiushusha wote hadi B flati, klarineti na tarumbeta wanasoma C isiyo na alama hata moja, alto anasoma G, horni anasoma F, nao filimbi, tromboni na tuba wanabaki na flati zao mbili, alama za kushusha nusu hatua, walizozizoea tangu wiki za mwanzo.

Wapo wanaoona kubadili kii ya mtunzi mkubwa ni kumkosea adabu. Mimi nilikuwa na wasiwasi huo mpaka nilipojua alivyofanya Bach, mtunzi mwingine wa zama hizo. Aliichukua konsato (muziki wa wapigaji wachache wakuu mbele ya kundi) ya Vivaldi wa Venice ya fidla nne, iliyoko katika B maina, kii yenye rangi ya huzuni, akaiandika upya kwa hapsikodi, vinanda vya nyuzi, nne katika A maina. Na konsato yake mwenyewe ya fidla katika E akaishusha hadi D alipoigeuza kuwa ya hapsikodi. Watu wale walikuwa mafundi wa kazi. Ala ikibadilika, na nguo hukatwa upya.

Ugumu wa pili ni kimo cha sauti, iko juu au chini kiasi gani. Tarumbeta ya wakati wa Handel haikuwa na valvu, vile vibonye vya kubadili noti. Mpulizaji alikuwa na ngazi ya asili ya bomba tu, na ngazi hiyo chini ina mapengo makubwa. Hatua za do, re, mi zilizoshikana zinapatikana kule juu, kuanzia noti ya nane ya ngazi hiyo. Ndiyo maana nyimbo zao zinaruka angani. Walipanda huko kwa sababu ndiko wimbo ulikopatikana. Mtoto wetu ana valvu, hana haja ya kupanda. Nikaishusha sauti ya tarumbeta ya “La Réjouissance”, kipande kimoja cha muziki ule wa fataki, oktava nzima, hadi noti ya nane chini yake, nikashangaa kuona sehemu kubwa ya wimbo inakaa ndani ya noti tano sita anazojifunza mtoto mwanzoni kabisa. Ule mng’aro uliopotea nikampa mpiga filimbi, oktava moja juu ya tarumbeta, mahali ambapo filimbi inaitika bila kulazimishwa.

Mpaka hapo nilikuwa sawa. Wimbo uko mahali pake, kii ni rafiki, timpani wana noti zao mbili, B flati na F. Nilisikiliza kwenye kompyuta, ikatoka safi mwanzo hadi mwisho. Nikachapa karatasi usiku, nikaingia darasani na furaha.

Tulifika baa, yaani kipande cha mapigo, ya kumi na kitu hivi. Binti wa tuba, miaka 12, mwembamba, ala yenyewe karibu imfiche, alishusha tuba mapajani akafumba macho. Nikasimamisha bendi. Nikamuuliza kulikoni.

“Kizunguzungu, Mwalimu.”

Nilikwenda nikasimama nyuma ya kiti chake nikaitazama karatasi yake. Nilikuwa nimenakili sauti ya besi kama ilivyo, noti za nusu pigo zinazotembea bila kukoma, mstari baada ya mstari. Hakuna pumziko hata moja tangu juu ya ukurasa hadi chini.

Handel aliwaandikia wapulizaji, ndiyo, lakini walikuwa watu wazima, mabingwa wa kazi yao, na basuni 12 zikigawana mistari miwili tu. Mmoja akivuta pumzi wenzake wanaendelea na hakuna anayejua. Tena basuni ni mwanzi mwembamba. Tuba inameza hewa. Mimi nilikuwa na binti mmoja. Na niliupanga muziki wote kwenye kinanda kwa vidole, kisha nikausikiliza kwenye kompyuta, na vyote viwili haviwahi kuishiwa pumzi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muziki mwingi wa Baroki unaotamaniwa na sisi watu wa bendi uliandikwa juu ya upinde wa fidla na selo. Upinde ukifika mwisho unarudi. Selo inaweza kutembea kutoka baa ya kwanza hadi ya mwisho bila kutua, na ndivyo besi ya zama zile ilivyoandikwa: jina lake la Kitaliano, basso continuo, maana yake besi isiyokatika. Upinde hauhemi. Mtoto anahema.

Nikarudi nyumbani nikatenda kosa la pili, na hili nadhani ni la walimu wengi wenye huruma. Nilizifuta noti zote za tuba nikaweka noti za mapigo manne, moja kila baa. Nikasema nimempunguzia mzigo. Kesho yake tulipojaribu, muziki ulikuwa mzito kama gunia la mchanga. “La Réjouissance” maana yake shangwe, na hapakuwa na shangwe yoyote. Tarumbeta walikimbia peke yao, wakaharakisha, maana hakuna aliyewahesabia chini. Na binti wa tuba bado alikuwa anatafuta hewa, safari hii uso umemwiva. Tulipomaliza akasema polepole, si kwa kulalamika:

“Mwalimu, sasa sina kazi. Nashikilia tu.”

Alinichoma, kwa kuwa ilikuwa kweli mara mbili. Kwanza, noti ndefu ya tuba si pumziko. Ni hewa inayotoka mfululizo bila nafasi ya kuirudisha. Noti nne fupi zenye kijinafasi katikati zinachosha kidogo kuliko noti moja inayovutwa mapigo manne. Pili, nilikuwa nimemwondolea wimbo. Katika muziki huu besi haibebi wimbo kama nguzo inavyobeba paa. Besi nayo ni wimbo, inaongea na sauti ya juu, inaijibu, inaielekeza pa kwenda. Nilikuwa nimeilinda sauti ya kwanza kama yai nikasahau kwamba nusu ya mazungumzo iko chini.

Niliketi na besi ile ya Handel siku kadhaa, nikiiimba tu. Nikagundua kwamba noti za nusu pigo haziko sawa kwa uzito. Zipo zinazorudia palepale ili kuweka mwendo. Hizo unaweza kuacha moja katika kila mbili na mwendo ukabaki, kwa sababu sikio linaijaza yenyewe. Zipo zinazopanda au kushuka kuelekea mahali, hasa baa mbili za mwisho kabla ya kutua. Hizo ukizigusa umeua safari. Na zipo zinazoruka oktava kwa ajili ya urembo tu. Hizo mtoto wa tuba hazihitaji, akipiga oktava moja inatosha. Nikakata kwa kanuni hiyo. Robo tatu ya mstari ikawa noti za pigo moja moja, zimetenganishwa, na kila baa mbili kuna pumziko la pigo zima baada ya pigo zito, kamwe si kabla yake. Zile baa za kutua nikaziacha kamili.

Kwenye yale mapumziko nikaweka yufoniamu, ala kama tuba ndogo, na saksafoni ya baritoni waendeleze. Wakawa wanapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukishuka, wa yule unapanda, na msikilizaji anasikia mtwango mmoja tu. Huo ndio ufundi ninaoutumia zaidi ya wowote mpaka leo. Kwa wimbo wa juu vilevile: sentensi ndefu ya fidla naikata katikati, klarineti wanaanza, alto wanaipokea kwenye noti ileile waliyoachia wenzao, ili makutano yasisikike.

Jambo jingine lililonisaidia ni zile tarakimu. Katika hati nyingi za Baroki, chini ya besi kuna namba ndogo, 6, 7, 4 na 3, ambazo zilimwelekeza mpiga hapsikodi ajaze kodi gani, yaani noti zipi za kulia pamoja, papo kwa papo. Zamani nilizipita kama vumbi. Siku hizi nazisoma kabla sijaandika noti moja, kwa kuwa zinaniambia ni sauti ipi ya kati haiwezi kuondolewa. Ukikuta 4 inafuatwa na 3 mwishoni mwa sentensi, hapo ndipo moyo wa muziki ulipo: sauti moja inagoma kushuka, inauma kidogo dhidi ya wenzake, halafu inaachia. Kwenye kii yetu ya B flati, wakati besi imekaa F, ni B flati inayoshuka kwenda A. Kwa mtoto wa horni ni F kisha E, basi.

Nilimpa noti hizo mvulana wa horni ambaye wiki nzima alikuwa akikosea kila kitu, kwa sababu horni inamsaliti anayeanza: noti zake ziko karibukaribu, mdomo ukiteleza kidogo unapata ya jirani. Nikamwambia, “Wote wakitua, wewe usitue. Subiri. Halafu shuka.” Tukapiga baa ile peke yake mara tano. Mara ya nne aliishikilia ile F hadi nikaona wenzake wanageuka kumtazama, akashuka E, na darasa zima likatoa sauti kama mtu aliyetua mzigo. Ana noti mbili, na bila yeye sentensi haifungi. Napenda kila mtoto awe na mahali kama hapo angalau mara moja katika kila muziki ninaoandika, na nikikuta karatasi ya mtoto isiyo nayo, huwa sijamaliza kazi.

Handel mwenyewe alinipa na jambo la kuokoa midomo. Alielekeza “La Réjouissance” ipigwe mara tatu: kwanza tarumbeta, kisha horni, kisha wote kwa pamoja. Mdomo wa mtoto wa tarumbeta hauchoki polepole, unakatika ghafla, na ukishakatika huwezi kuubembeleza. Kwa mpango wa Handel tarumbeta wanapumzika mzunguko mzima wakati wengine wanapiga. Kwa kuwa horni wangu walikuwa wawili tu na wachanga, mzunguko wa pili niliwapa pamoja na klarineti na alto. Mzunguko wa tatu tarumbeta walirudi wakiwa wapya, na ule urejeo ukawa na nguvu ambayo kamwe nisingeipata kwa kuwaambia “pulizeni kwa nguvu”.

Na hapo nigusie sauti kubwa na sauti ndogo. Kumwambia anayeanza apulize kwa sauti ndogo ni kumwambia apulize nje ya sauti: hewa ikipungua, tarumbeta inashuka, filimbi inapotea, klarineti inapanda. Watu wa Baroki walikuwa na njia yao. Konsato 12 za mtunzi Corelli, zilizochapishwa mwaka 1714 baada ya kifo chake, zinapigwa na kikundi kidogo cha fidla mbili na selo dhidi ya kundi zima. Wachache wakipiga, muziki ni mwembamba. Wote wakiingia, unajaa. Hakuna aliyebadili nguvu yake. Mimi naandika hivyohivyo: badala ya kuweka alama ya kupiga kwa sauti ndogo, naondoa watu. Wanne wanapiga, ishirini wanasikiliza, halafu ishirini wanaingia. Faida yake ya pili ni kwamba watoto waliotangulia kidogo wanapata sehemu ya kuwapa changamoto na wale wa nyuma hawaburuzwi. Vivaldi alianza kufundisha mwaka 1703 katika Ospedale della Pietà huko Venice, nyumba iliyolea watoto walioachwa, na konsato nyingi aliandikia wasichana wa pale. Nikiufikiria muziki ule kama kazi ya mwalimu aliyejua nani ameketi kiti gani, nauelewa vizuri zaidi.

Kii za maina zilinichelewesha. Nilikuwa nimejipa moyo na Handel nikaichukua “Rondeau” ya Purcell, mtunzi wa Kiingereza, ya mwaka 1695, kutoka muziki aliouandikia tamthilia ya Abdelazer. Umbo lake ni zawadi kwa mwalimu: kibwagizo kinarudi na kurudi, mtoto akikijua hicho ameshajua zaidi ya nusu. Iko katika D maina, kwa mapigo matatu ya noti ndefu, nikayaandika kwa robo noti ili yasiwatishe. Nikaishusha hatua moja tu, hadi C maina. Nilihesabu alama zilizo mwanzoni mwa mstari nikaona ni flati 3, nikaridhika.

Sikuhesabu ile noti inayotangulia nyumbani. Katika maina, kila unapotua, noti iliyo chini tu ya noti ya nyumbani inapandishwa nusu hatua. Katika C maina hiyo ni B ya kawaida. Kwa tromboni, B ya chini iko pozisheni ya saba, mwisho kabisa wa bomba la kuvuta, na mkono wa mtoto wa miaka 11 haufiki huko. Nilimwona mmoja akiinamisha bega zima na kichwa kimegeuka ukutani, na noti bado haikupatikana. Kwa tarumbeta ni C shapu, valvu zote tatu chini, noti inayopenda kupanda juu ya sauti hata kwa wazoefu. Na noti hiyo haiji mara moja. Inakuja kila mwisho wa sentensi, mahali ambapo kila sikio linangoja.

Nikahamisha kila kitu hadi G maina. Sasa noti ile ikawa F shapu: tromboni pozisheni ya tano, tarumbeta G shapu kwa valvu ya pili na ya tatu, klarineti G shapu yenye kibonye chake cha juu kisicho na shida. Wimbo ulihama mbali na nikalazimika kuugawa upya kati ya filimbi na klarineti, kazi ya wikiendi mbili. Tangu hapo, kabla ya kuchagua kii siangalii alama za mwanzo wa mstari peke yake. Naandika pembeni noti zote zitakazopandishwa au kushushwa njiani, nazipima moja moja kwenye kila ala, na huwa naanza na tromboni, kwa sababu wengine wana vidole lakini yeye ana mkono.

Mapambo nayapita haraka. Trili za kutulia, yaani noti mbili jirani zinazopokezana kwa kasi, wanaoanza hawaziwezi, na kuzifuta kabisa kunaacha kipara. Kwa kuwa trili ya Baroki kwa kawaida huanza na noti ya juu, naiandika noti hiyo ya juu peke yake, ikiegemea kwa pigo moja, kisha inashuka. Ule uzito wa kuegemea ndio uliokuwa na maana, si mtetemo. Kuhusu ulimi, ambao ndio unaoanzisha noti, nawapa kanuni moja ya mdomo: noti jirani zishikane, zinazoruka zitengane. Haishiki kila mahali, ila inawatoa kwenye kupiga kila noti kama msumari.

Kanoni ya mtunzi Pachelbel ndiyo iliyonipa furaha kubwa kuliko zote, ingawa asili yake ni fidla tatu na besi tu. Besi yake ni noti 8 zinazorudiwa mara 28. Ukiitoa D ukaiweka B flati, noti hizo ni B flati, F, G, D, E flati, B flati, E flati, F. Ziimbe ukiwa umeshika tromboni: pozisheni ya kwanza, ya kwanza, ya nne, ya nne, ya tatu, ya kwanza, ya tatu, ya kwanza. Hakuna C ya pozisheni ya sita, ile inayowatesa katika skeli ya B flati, ambako mtoto anatoka kwenye kumbatio anatupwa urefu wa mkono kisha anarudishwa. Unadhani mtu aliipanga kwa ajili yao.

Lakini mara 28! Nilijua kizunguzungu sasa, kwa hiyo niliweka mapumziko mapema, ila sikufikiria uchovu wa akili. Kwenye mazoezi ya kwanza besi ilipotea mzunguko wa kumi na moja hivi. Hakuna aliyekosea noti. Walisahau tu wako wapi, maana kila mzunguko unafanana na uliopita. Nikaupunguza muziki hadi mizunguko 14. Halafu nikafanya jambo ambalo kanoni inaliruhusu kuliko muziki mwingine wowote. Kwa kuwa fidla zote tatu zinapiga kitu kilekile, moja nyuma ya nyingine kwa mzunguko mmoja, hakuna sauti iliyo ya kwanza kwa haki. Basi nikaizungusha na besi yenyewe. Mizunguko minne ya mwanzo tuba na tromboni, minne inayofuata alto na horni, na katikati ya hiyo minne, filimbi na klarineti wakiwa kimya, wimbo ukashuka kwa tuba.

Binti yule alikuwa bado nami, mwaka wake wa pili. Alipofika kwenye mstari ule kwa mara ya kwanza alisita akaniangalia kuuliza kama karatasi imekosewa. Nikamtikisia kichwa kwamba ni wake. Akapiga ile ngazi inayoshuka pole, hatua kwa hatua, B flati ya juu ikiwa nyembamba kidogo na zile za chini zikifunguka pana kadiri alivyoshuka, na alto wawili walioshika besi mbele yake walipunguza sauti bila kuambiwa.

Wanaotaka kujaribu wanaweza kuanzia kwenye matoleo kamili ya zamani ya Bach na Handel, yaliyoanza kuchapishwa Ujerumani katika karne ya 19. Watunzi hawa hawadai haki miliki tena, lakini matoleo mapya yaliyohaririwa na mipangilio ya watu wa leo inaweza kuwa na wenyewe, kwa hiyo naenda kwenye chanzo nanakili mwenyewe. Kunakili kwa mkono ni kazi ndefu, lakini ndipo ninapoiona besi. Na ninapomaliza ukurasa sisikilizi kompyuta kwanza. Nauimba kila mstari kwa sauti, nimesimama, kwa mwendo tutakaoupiga, na mahali ninapolazimika kuvuta pumzi naweka alama ya koma juu ya noti.

Mwisho wa muhula ule nilikusanya karatasi za Kanoni ili nizihifadhi. Ya tuba ilikuwa imechakaa pembeni. Koma zangu zote zilikuwa zimefutwa kwa kifutio, taratibu, bila kuchubua karatasi, na pembeni ya kila alama iliyofutwa palikuwa na koma nyingine ya penseli, mara noti moja mbele ya pale nilipoweka mimi, mara mbili nyuma. Nilichukua tuba ya darasa nikaupiga mstari ule nikifuata zake. Kisha nikafungua nakala kuu nikaanza kuzihamisha.